Diski Mbili za Mwamgongo: Seva ya Nakala Inapoyumba Baada ya Kupandishwa Toleo



Mpendwa msomaji, mtu anayetaka kufunga ndoa kanisani huombwa kwanza cheti cha ubatizo. Sisi tunaotazamia daraja takatifu tutaombwa vilevile, kwa kuwa kanuni ya 1050 ya Sheria za Kanisa inakitaja cheti hicho miongoni mwa hati za lazima. Paroko hatoi cheti kutoka kichwani mwake. Anafungua kitabu, anatafuta namba, ananakili. Kitabu kikiwepo, kazi haizidi nusu saa. Kisipokuwepo, mwenye shida anaanza kuwatafuta wazee waliomsimamia miaka arobaini iliyopita. Makala hii ni ya kompyuta, lakini tumeona tuanze na kitabu, maana bila kitabu hicho haya tutakayoeleza yangekuwa mazungumzo ya mafundi tu.

Katika likizo ndefu ya mwaka 2024 tulikuwa mafrateri wanne kijijini Mwamgongo, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kufika huko unapanda boti ya abiria pale Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, unapita mbele ya misitu ya Hifadhi ya Gombe, na kijiji kinaanza pale hifadhi inapoishia. Nyuma yake ni milima, mbele yake ni maji. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda, kama lilivyopanda pwani yote kuanzia Bujumbura hadi Kalemie, na uvuvi ulikuwa umefungwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15, hivyo usiku hapakuonekana taa za wavuvi wa dagaa. Vijana walikuwa na nafasi, nasi tukapata wasaidizi wengi kuliko tulivyotarajia.

Kazi yetu ilikuwa kupiga picha kurasa za vitabu vya zamani vya ubatizo na ndoa vya vigango vya mwambao, kwa simu, ukurasa mmoja baada ya mwingine, na kuzihifadhi kwenye seva ndogo. Neno seva lisikutishe. Ilikuwa kompyuta mpakato ya zamani yenye kioo kilichopasuka, inayotumia Linux ya Debian, imeunganishwa na diski mbili za nje za USB, na umeme wa jua kutoka kwenye betri na inveta. Diski ya kwanza tuliiita Petro, ya pili Paulo. Picha ziliingia kwa Petro, kisha Paulo alinakili kila alichonacho Petro.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliwaagiza maparoko kuwa na kitabu cha ndoa na kuandika majina ya wasimamizi wa ubatizo. Kanuni ya 491 ya mwaka 1983 inamtaka askofu ahakikishe kwamba hati za makanisa yake zinatunzwa vizuri, na kwamba orodha za hati hizo zinaandikwa nakala mbili, moja ibaki kanisani na nyingine iende jimboni. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alipoieneza ile kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mahali pengine, alikuwa anatembea njia ambayo wanasheria wa Kanisa waliishaianza. Na jirani zetu wa Gombe wanaijua pia. Maelezo ya mkono ya watafiti wa Kitanzania wanaofuata sokwe, mengi yakiwa kwa Kiswahili, yamekusanywa tangu miaka ya 1960 na 1970, na nakala zake zilihifadhiwa mbali na ziwa, katika Chuo Kikuu cha Minnesota na baadaye Chuo Kikuu cha Duke, Marekani.

Kosa letu lilianza kwa nia njema. Debian 11 tuliyokuwa nayo ilikuwa inazeeka, na mmoja wetu alikuwa amepakua Debian 12 mjini Kigoma na kuileta kwenye flashi. Jioni moja tukapandisha toleo. Kila kitu kikaenda vizuri, tukafurahi, na kwa furaha hiyo tukaongeza mambo mawili. Tuliandika upya hati ya kazi za usiku ili diski zote mbili zifanye kazi kwa wakati mmoja, tuokoe saa za betri. Na tukahamisha mashine kwenye chumba kingine, ambako tundu moja la USB lilikuwa limebanwa na ukuta, kwa hiyo diski zote mbili tukazichomeka kwenye kigawanyio kimoja cha USB kisicho na umeme wake.

Mambo matatu, jioni moja. Msomaji aliyesoma mantiki ameishaona shida ilipo.

Usiku wa tatu kazi ilisimama katikati. Mashine ilisema kwamba mfumo wa mafaili kwenye Petro sasa ni wa kusoma tu. Tukaizima na kuiwasha, ikakubali. Usiku uliofuata ikakataa tena. Katekista wetu, mzee tuliyemwita Mwalimu kama kijiji kizima kinavyomwita, akapita asubuhi na kuuliza, “Mafrateri, mashine yenu imelala tena?” Tukamjibu, “Imelala, Mwalimu, lakini tutaiamsha.” Jibu hilo lilikuwa la kiburi.

Hapa tueleze kidogo mfumo wa mafaili ni nini, kwa maana ndio uliokuwa unayumba. Diski yenyewe ni kama karatasi tupu zilizorundikwa: mabilioni ya nafasi ndogo, kila moja ikiweza kubeba baiti chache, bila kujua ni ya nani. Mfumo wa mafaili ndio unaozifanya karatasi hizo kuwa kitabu. Unatunza kadi kwa kila faili, inayosema faili hili lina ukubwa gani na vipande vyake viko nafasi zipi. Unatunza pia orodha za majina, kila jina likielekeza kwenye namba ya kadi. Jina la faili haliko ndani ya faili. Liko kwenye orodha, mbali na yaliyomo. Kumbuka jambo hili, maana ndilo lililotuumiza na ndilo lililotuokoa.

Mfumo tuliotumia unaitwa ext4, ambao ulitangazwa kuwa tayari kwa matumizi mwaka 2008 na sasa uko kwenye mashine nyingi sana za Linux. Una kitu kinachoitwa shajara. Kabla ya kubadilisha orodha au kadi, mfumo huandika kwanza kwenye shajara kile unachokusudia kufanya, kama sakristani anayeandika nia za misa kwenye daftari la rafu kabla ya kuzihamishia kwenye kitabu rasmi. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka husoma shajara na kumalizia kilichoachwa. Ni ulinzi mzuri, lakini una sharti moja: diski inaposema “nimeshaandika” iwe kweli imeandika. Diski nyingi hupokea data kwenye kumbukumbu yao ya muda kwanza na kuiteremsha kwenye sahani baadaye. Umeme ukipungua ghafla katikati ya hapo, shajara inaweza kuamini jambo ambalo halijatokea.

Na ule ujumbe wa “kusoma tu” si ugonjwa. Mfumo umeona kitu kisicholingana, ukaamua kufunga mlango wa kuandika ili usizidishe uharibifu. Anayeuona anatakiwa ashukuru na aache kuandika. Sisi tuliuona kama mkaidi anayehitaji kusukumwa.

Mmoja wetu aliendesha programu ya ukarabati, fsck, na kuiambia ijibu “ndiyo” kwa kila swali. (Hatutamtaja, sote tulikuwa tumesimama nyuma yake tukimshangilia.) Programu ile ni mwaminifu sana kwa kazi yake, na kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili ukubaliane na nafsi yake. Kuokoa picha zako si kazi yake. Orodha moja ya majina ilikuwa imeharibika, nayo ikaondoa orodha hiyo. Mafaili yaliyobaki bila majina ikayaweka kwenye folda maalumu iitwayo lost+found, kila moja likiwa na namba tu badala ya jina. Mafaili thelathini na moja. Yote yalikuwa kurasa za kitabu kimoja.

Usiku huohuo hati yetu ya kazi ikafanya kile tulichoiagiza: Paulo afanane na Petro, na kisichokuwepo kwa Petro kifutwe kwa Paulo. Kufikia asubuhi majina yalikuwa yamepotea kwenye diski zote mbili. Tulikuwa tunadhani tuna nakala mbili, kumbe tulikuwa na kioo, na kioo huonyesha jeraha sawasawa na uso.

Simu zilikuwa zimeishafutwa ili zipate nafasi. Na kitabu chenyewe? Kilikuwa kimerudishwa mjini wiki moja kabla, kwa boti, siku ya upepo mkali wa kiangazi. Wimbi likaingia, mfuko wa nailoni ukawa umetoboka, na kurasa za katikati zikalowa. Wino ule wa zamani ulienea kama moshi. Ujiji, si mbali na Kibirizi, msafiri David Livingstone alifika mwaka 1871 akiwa na shajara aliyoiandika juu ya kurasa za gazeti la zamani kwa wino wa mbegu za mmea, kwa kuwa karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Wino ule ulififia hata maandishi mengi yasisomeke, mpaka wataalamu walipozipiga kurasa picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 2011, miaka mia moja na arobaini baadaye. Kitabu cha kigango hakipati kamera za namna hiyo. Picha zetu za simu ndizo zilizokuwa tumaini lake.

Tukakaa chini. Mmoja akasema lile ambalo sote tulikuwa tunalifikiri: ni toleo jipya. Kabla ya kupandisha mashine ilikuwa nzima, baada ya kupandisha imeugua, basi toleo jipya ndilo lililoiua. Mwalimu wetu wa mantiki seminarini ametufundisha jina la kosa hilo kwa Kilatini, post hoc ergo propter hoc: limetokea baada ya hili, basi limesababishwa na hili. Tulilijibu vizuri kwenye mtihani. Kulitambua saa nne usiku mbele ya diski inayolia ni jambo lingine.

Lakini tusiidharau shutuma hiyo, kwa sababu kuna wakati ni ya kweli. Desemba 9, 2023 watengenezaji wa Debian walikuwa wanajiandaa kutoa toleo la 12.3, wakasimamisha ghafla. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya namba 6.1.64 ilikuwa na hitilafu inayoharibu data kwenye ext4. Mabadiliko mawili yaliyotakiwa kwenda pamoja yalikuwa yametenganishwa: moja lilirudishwa kwenye mfululizo wa zamani wa 6.1, mwenzake akaachwa. Matokeo yake, programu ilipoandika moja kwa moja kwenye diski kwa njia fulani, mfumo ulihesabu mahali pa kuandikia mara mbili, na kipande kilichofuata kikaangukia mbele ya mahali pake. Kesho yake, Desemba 10, wakatoa 12.4 yenye kerneli iliyorekebishwa, na 12.3 ikarukwa. Hapo aliyesema “ni toleo jipya” alikuwa na haki kabisa.

Sasa sikia kisa cha wiki chache tu kabla ya hicho. ZFS ni mfumo mwingine wa mafaili, uliozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems, na toleo lake huria linaitwa OpenZFS. Oktoba 2023 lilitoka toleo la 2.2.0 lenye uwezo mpya wa kunakili faili bila kurudia vipande vyake kwenye diski. Novemba watumiaji wakaona mafaili yaliyonakiliwa yana vipande vya sifuri tupu ndani. Kila mtu akanyooshea kidole uwezo ule mpya, na toleo la 2.2.1 likauzima. Hitilafu ikaendelea. Watu wakajaribu kwenye matoleo ya zamani yasiyo na uwezo huo kabisa, nayo ikajitokeza. Mwishowe ikabainika kwamba kosa lilikuwa limelala humo kwa miaka: kwa kitambo kifupi mno, faili lililotoka kubadilishwa liliweza kuonekana kana kwamba halijabadilishwa, na programu ya kunakili ilipouliza “wapi pana nafasi tupu?” ikaonyeshwa mahali ambapo data ilikuwa njiani kuandikwa. Mambo mapya yaliifanya ionekane mara nyingi zaidi, lakini hayakuizaa. Dawa ilitolewa mwishoni mwa Novemba, katika 2.2.2 na pia katika 2.1.14 ya mfululizo wa zamani.

Visa viwili, mwezi mmoja, dalili zinazofanana, na hukumu tofauti. Huwezi kujua uko kwenye kipi kwa kutazama kalenda tu. Inabidi uchunguze.

Jambo la kwanza tulilofanya, tukiwa tumechelewa, ni kuacha kuandika. Tukaazima diski ya tatu kwa ndugu mmoja mfanyabiashara pale kijijini, tukachukua taswira ya Petro nzima, nafasi kwa nafasi, kwa programu ya ddrescue, na uchunguzi wote ukafanyika kwenye taswira. Fsck nayo ina njia ya kutazama tu bila kugusa, ukiiongezea herufi n. Laiti tungeanza na herufi hiyo.

Kisha tukaangalia kerneli. Yetu ilikuwa ya baada ya 6.1.66, ambayo hitilafu ya Desemba ilikuwa imeishaondolewa. Basi mshtakiwa wetu maarufu akawa huru, ingawa kwa shingo upande, maana tulimpenda. Kuwa na mshtakiwa aliyeandikwa na watu wengi kunakupa amani ya haraka.

Tukasoma kumbukumbu za mfumo. Tulikuwa tunazisoma kuanzia chini, penye kilio cha mwisho: mfumo wa mafaili umefungwa. Juu yake: shajara imeshindwa kuandika. Juu yake: diski haikujibu. Na juu kabisa, sekunde kadhaa kabla ya yote, mstari mmoja mkavu: kifaa cha USB kimewekwa upya. Tukarudi kwenye usiku mwingine, mpangilio ni uleule. Ext4 haikuwa imeanza ugomvi wowote. Ilikuwa inalalamika juu ya kitu kilichotokea chini yake. Kama kuna jambo moja la ufundi ungependa kulichukua kutoka kwetu, ni hili la kutafuta mstari wa kwanza wa tatizo, hata kama ule wa mwisho ndio unaopiga kelele.

Diski zenyewe zina daftari la afya, linalosomwa kwa programu ya smartctl. Petro hakuwa na sehemu mbovu hata moja. Ila hesabu ya mara ambazo umeme ulimkatikia ghafla ilikuwa imepanda tangu wiki ile ya kupandisha toleo. Ya Paulo pia.

Hapo John Stuart Mill akatusaidia kuliko fundi yeyote. Katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843 anaeleza njia ya tofauti: ukiwa na hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na tukio likatokea katika moja na lisitokee katika nyingine, kile kimoja ndicho sababu au sehemu ya lazima ya sababu. Tulikuwa tumebadilisha vitatu. Basi tukavirudisha kimoja kimoja, usiku mmoja kwa kila kimoja, na majaribio yote tukayafanya kwa picha za mchezo, si za vitabu. Debian huacha kerneli ya zamani kwenye orodha ya kuwashia, kwa hiyo usiku wa kwanza tukawasha kwa ile ya Debian 11. Ikaanguka vilevile. Kerneli mpya haina hatia. Usiku wa pili, kerneli mpya, kigawanyio kilekile, lakini diski zinafanya kazi kwa zamu. Salama. Usiku wa tatu, diski zote kwa pamoja, lakini kila moja kwenye tundu lake, meza ikiwa imesogezwa kutoka ukutani. Salama.

Sababu ilikuwa ampea. Tundu la USB 3.0 limepangiwa kutoa miliampea 900, la USB 2.0 ni 500. Diski ndogo inayozunguka inaweza kuhitaji karibu ampea moja inapoanza kuzunguka, na huvuta sana inapoandika. Mbili kwenye kigawanyio kimoja, zikivuta pamoja, volti inashuka, diski inapotewa na fahamu kwa nusu sekunde, na kile ilichodai imeandika hakijaandikwa. Toleo jipya halikufanya lolote, ila lilikuwa sherehe ambayo kwa ajili yake tulipanga upya nyumba nzima.

Sasa picha. Siku ya kwanza kabisa ya kazi, kabla ya mambo haya yote, tulikuwa na zoea lililoonekana la kupoteza muda: kila picha ilipoingia tuliipigia hesabu ya uhakiki ya SHA-256. Hii ni programu inayosoma faili lote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata nukta moja ya picha, mfuatano unabadilika kabisa. Orodha ile, jina la ukurasa na hesabu yake, ilikuwa kwenye simu ya mmoja wetu. Ext4 huweka hesabu za namna hii kwa kadi na orodha zake, lakini si kwa yaliyomo ndani ya mafaili. ZFS na Btrfs hufanya hivyo kwa vyote. Kwa ext4 inabidi ujifanyie.

Jina liko mbali na yaliyomo, tulisema. Orodha yetu iliunganisha vitu hivyo viwili kwa njia nyingine. Tukayapigia hesabu mafaili yote thelathini na moja yasiyo na majina na kulinganisha. Ishirini na saba yakalingana, na kila moja likapata tena jina lake: kitabu, ukurasa, upande. Kwa wanafunzi wa falsafa tuliozoea kubishana kama jina ni la kitu au la akili, ilikuwa jioni ya pekee, lakini tuliuacha mjadala kwa siku nyingine. Manne hayakulingana na chochote. Tulipoyafungua, nusu ya picha ilikuwa ya kijivu.

Mwalimu alikuwa amekaa pembeni akitutazama. Akauliza ni kurasa zipi. Tukamtajia. Akaenda nyumbani, akarudi na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofungwa kwenye kitambaa. Siku ile ya kwanza alikuwa ameomba picha za kurasa za kigango chake “ili nami niwe nazo,” na sisi tulimpa kwa heshima tu, bila kuhesabu kwamba ni nakala. Kurasa tatu kati ya nne zilikuwemo, nzima. Katika mpango wetu wote wa Petro na Paulo, nakala pekee iliyokuwa imetengana na mashine, na ambayo hakuna hati ya usiku iliyoweza kuifikia, ilikuwa ile ya kwenye kitambaa cha Mwalimu.

Siku hizi Paulo hafanyi kioo tena. Kila Jumapili hufunguliwa folda mpya yenye tarehe. Mafaili ambayo hayakubadilika hayarudiwi, yanaunganishwa tu na ya folda iliyotangulia, kazi ambayo programu ya rsync inaiweza bila kula nafasi. Kitu kikifutwa kwa Petro leo, kipo kwenye folda ya wiki iliyopita. Diski ya tatu imenunuliwa na inakaa mjini. Kabla ya kupandisha toleo lolote sasa tunapiga hesabu zote, tunaifungia diski moja kabatini, kisha tunabadilisha kitu kimoja na kukilalia usiku mzima. Na mara moja kwa mwezi tunachagua kurasa chache na kuzirudisha kutoka kwenye nakala, tuone kama zinafunguka.

Ukurasa wa nne ulikuwa wa ubatizo wa Pasaka wa mwaka mmoja katika miaka ya 1980. Majina tisa. Kwenye picha ya kijivu yalisomeka mawili, na katika kitabu kilicholowa tukaongeza la tatu, kwa taabu na kwa kulielekeza karatasi dirishani. Kanuni ya 876 inasema kwamba ili kuthibitisha ubatizo, kama hakuna anayedhurika, linatosha tamko la shahidi mmoja asiye na shaka, au kiapo cha mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Kwa hiyo wiki mbili za mwisho za likizo tuliacha kompyuta ikifanya kazi zake, tukapanda na kushuka vilima vya Mwamgongo nyuma ya Mwalimu, tukiuliza ni nani alibatizwa Pasaka ile na nani alimsimamia. Bibi mmoja alikumbuka wanne bila kusita, pamoja na mvua ya siku hiyo. Tamko lake tuliliandika kwa mkono, nakala tatu, na akatia dole gumba kwenye kila moja. Mpaka boti ilipotuchukua kwenda Kibirizi tulikuwa na majina manane. La tisa Mwalimu anaendelea kulitafuta. Anasema huenda familia ile ilihamia Kagunga.